Jani Lisilo na Meno

Mariyamu hakutaka majani yake yachongwe. Alilisema hilo jikoni, akalisema uani, akalisema mbele ya majirani waliokuja kuazima chungio, mpaka mumewe akawa anaitikia bila kusikiliza. Lakini ubao wa mninga ulikwisha kulazwa uani juu ya magogo mawili, na avansi, malipo ya awali ya yule bibi wa Bujumbura, ilikwisha kugeuka bati juu ya paa. Bati likishapigwa misumari halirudi dukani.

Mumewe, Djibril, alijulikana mtaa mzima wa Waswahili pale Rumonge kwa vinu, michi, vigoda na milango. Safari hii kazi ilikuwa ya ajabu kidogo: mlango usiofungua nyumba yoyote. Sabine, bibi mwenye nyumba ya maonyesho ya sanaa huko Bujumbura, alitaka mlango wa kutundika ukutani, umejaa majani ya dawa za wanawake wa kandokando ya ziwa.

"Watu wanasahau, mzee," alisema siku alipokuja, amekalia kigoda kipya. "Mama zetu wanakufa na dawa zao. Tukiziweka mu mbao, hazitapotea."

Maneno yalikuwa mazuri, na Djibril aliyapenda. Tatizo ni kwamba aliweza kuchonga kila kitu alichokiona, ila majani yote kwake yalikuwa majani tu. Aliyejua lipi la tumbo na lipi la kifua alikuwa mkewe.

Mwarobaini, mlonge, mvumbasi, mchaichai: hayo Mariyamu aliyatoa bila kinyongo, kwani hata mtoto wa shule anayajua. Alilolikalia lilikuwa moja. Nyumbani waliliita jani la bibi, maana lilivuka ziwa na nyanya yake kutoka upande wa Kongo, nalo lilikuwa dawa ya homa kali ya watoto, ile inayogeuza macho. Wanawake walitoka Kizuka, walitoka Magara, watoto mgongoni, wakamkuta Mariyamu amekwisha kulitwanga. Hakuna aliyewahi kuliona zima. Wakimwita Mama Dawa, alijifanya hakusikia ili waite tena.

Dawa ya namna hiyo haisimuliwi. Mama humpeleka binti mpaka penye mti wenyewe, akamwekea jani katika mkono wa kushoto, na binti naye akatoa kitambaa, kwani mkono mtupu haulambwi. Ndivyo ilivyomfikia Mariyamu. Lakini wazee walisema pia kwamba dawa haikai katika mikono ya watu wawili. Ukishaitoa, yako inapoa. Binti yake wa pekee, Nafisa, aliiomba siku anaolewa kwenda Nyanza-Lac, akaambiwa bado. Akaiomba tena alipojifungua mtoto wa kike na kumpa jina la bibi yake, Mariyamu. Mwenye jina alilia kwa furaha, akamnunulia somo wake kitenge cha kubebewa mgongoni, cha manjano chenye picha za ndege, kilichoshinda vyote pale sokoni. Kitenge alikitoa. Dawa, bado.

"Ningali na nguvu," alisema. "Munataka nikae kama chungu kilichotoboka?"

Basi ikabaki nafasi ya katikati ya mlango. Djibril alikwisha kuzungushia majani mengine yote, sasa alikuwa akiizunguka ile nafasi tupu na patasi mkononi.

"Mama Nafisa, hapa nitie nini? Bibi Sabine anataka lile la watoto. Habari yake imefika mpaka Bujumbura."

"Chonga jani."

"Jani gani? Ubao haujui jani tu."

Mariyamu aliingia ndani, akatoka na kitawi alichokificha ndani ya kanga. Jani lilikuwa la mviringo, nene, na ukingo wake wote ulikuwa na meno madogo kama ya msumeno.

"Fanya hivi hivi. Lakini usitie meno. Lainisha pembeni."

"Bila meno itakuwa uongo."

"Itakuwa jani ambalo Mungu hakuliumba. Mwizi atalitafuta mpaka kichwa kiote mvi."

Djibril alicheka. Alikuwa mtu mpole, asiyependa mabishano ya nyumbani. Tena ukingo laini haumchoshi fundi. Alichonga kama alivyoambiwa, akapiga msasa, akapaka mafuta, na lile jani la uongo likang'aa katikati ya mlango kuliko majani yote ya kweli. Mariyamu alilipapasa kwa kidole, akaridhika. Aliamini kwamba analijua kila jani kati ya ziwa na mlima. Huko Nyanza-Lac alikwenda kwa harusi na kwa uzazi, na mtu aendaye harusini hatazami majani.


Siku ya ufunguzi walikwenda Bujumbura wote wawili. Mariyamu alivaa kanga mpya akajipaka hina. Mlango ulitundikwa chini ya taa, watu wakauzunguka na glasi mikononi. Pembeni palibandikwa kikaratasi, naye akamwomba kijana mmoja mwenye tai amsomee.

"Wameandika hivi, bibi: Mlango wa Dawa. Fundi ni Djibril, wa Rumonge. Ujuzi ni wa wanawake wa kandokando ya Tanganyika."

"Na mimi niko wapi?"

"Uko hapo, bibi. Kwa wanawake."

Mariyamu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Baadaye mgeni mmoja mwenye kamera alimwashiria kwa mkono asogee kidogo, kisha asogee tena, ili mlango uonekane vizuri. Alisogea mpaka akajikuta karibu na mlango wa choo. Hapo alisimama jioni nzima, akishika glasi ya maji ya matunda ambayo hakuinywa. Kilichomfariji ni kimoja tu: walipiga foto uongo.

Djibril, yeye, alikuwa na furaha ya kitoto. Alimwomba kijana mwenye tai apige foto ya mlango na kuituma kwenye simu ya Nafisa. Jibu lilikuja kabla hawajaondoka, sauti ya binti yao imejaa kicheko.

"Baba, nimeona. Nimeona yote, mpaka lile la katikati. Murakoze sana, baba. Murakoze cane."

"Ameipenda kazi," Djibril akasema.

"Kwa nini asiipende?" Mariyamu akajibu.

Hawakujiuliza kwa nini binti anashukuru kana kwamba amepewa kitu.


Homa ilimpata mtoto wakati ambao mafuta ya magari yalikuwa yameadimika nchi nzima. Kule Nyanza-Lac mtoto hakuitwa Mariyamu, kwani baba yake, Swedi, asingeweza kumkaripia mtoto kwa jina la mkwewe. Walimwita Somo, kama bibi yake alivyomwita. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Nafisa alipiga simu Rumonge asubuhi.

"Mama, amahoro. Somo iko na moto tangu jana. Nilimupeleka kwa dispensari, wamemupa dawa ya malaria, wamesema ikikataa kushuka nimurudishe. Lakini macho yake, mama. Macho inataka kugeuka."

"Murudishe basi."

"Swedi iko anatafuta pikipiki. Esanse haiko. Mama, niambie lile jani."

"Nakuja nalo."

"Utakuja na nini? Magari haitembei! Niambie tu linafananaje, nitalitafuta hapa hapa."

"Dawa haipiti mu simu, Nafisa. Itakufa njiani. Nakuja nayo mwenyewe, leo hii."

Mtoto alisikika akilia kwa mbali, kilio kikavu.

"Haya, mama," Nafisa akasema. "Ujikaze."

Mariyamu alichuma majani, akayafunga kwa kitambaa kibichi, akayatia katika kikapu na kwenda kituo cha magari. Madereva walikuwa wamelala ndani ya magari yao, miguu nje ya madirisha. Kila aliyeulizwa alicheka. Mmoja alimwambia, "Mama, hii gari yangu sasa ni kitanda." Jua lilipanda, likashuka. Mara kwa mara alinyunyizia majani maji yasinyauke, na kila mara simu ilikuwa pale pale mkononi.

Alifikiri kupiga. Tusimsingizie, alifikiri, tena si mara moja. Lakini aliamini kwa moyo wake wote kwamba dawa ikisemwa hewani inapoa, na mtoto angekunywa maji matupu. Tena alitaka afike yeye, ateremke na kikapu chake, waseme Mama Dawa amefika. Yote mawili yalikuwamo, naye mwenyewe hakujua lipi lilikuwa zito zaidi.

Huko Nyanza-Lac jua lilikuwa likizama wakati Nafisa alipoifungua ile foto. Swedi alikuwa hajarudi. Mtoto alikuwa akitetemeka. Nafisa aliikuza foto kwa vidole viwili mpaka jani la katikati likajaza kioo kizima: la mviringo, nene, ukingo laini. Moyo wake ulijaa shukrani. Mama alikataa, lakini baba, kwa huruma yake ya kimyakimya, amelitia katika mbao ili binti yake alione. Ndivyo alivyolielewa tangu siku ile ya kwanza.

Akatoka nyuma ya nyumba, chini ya michikichi, penye mfereji wa maji. Jani lilikuwepo. Mbuzi wa jirani walikula kila kitu ukingoni mwa mfereji wakaliacha hilo peke yake, na Nafisa akaona hiyo ndiyo alama: dawa ni chungu, mbuzi atailaje? Akachuma kwa mkono wa kushoto. Akachemsha, akasema bismillahi, akamnywesha mtoto wake kijiko baada ya kijiko, na mtoto, aliyekuwa na kiu, akanywa yote.

Swedi alirudi na pikipiki akakuta mtoto anatapika. Waliwahi hospitali. Madaktari walihangaika naye, wakauliza amekunywa nini, na Nafisa akawaonyesha jani kwa fahari ya mtu asiye na cha kuficha. Somo alifariki kabla ya alfajiri.


Mariyamu alifika siku hiyo adhuhuri, juu ya lori la mapipa ya mawese, nguo zimelowa mafuta, kikapu kifuani. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo miguuni. Hakuuliza. Mwanamke aliyezaa hana haja ya kuuliza anapoona wanaume wa mtaa wanarudi pamoja, kimya, mchana.

Nafisa alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake. Alipomwona mama yake alisimama, akamshika mkono, akamvuta mpaka jikoni, mahali pa peke yao. Sufuria ilikuwa bado jikoni, haikuoshwa.

"Mama, nilikosea wapi? Nilifanya yote. Mkono wa kushoto. Bismillahi. Angalia, mama, uniambie."

Mariyamu akainama. Ndani ya sufuria, yamelala chini, yalikuwa majani ya mviringo, manene, yasiyo na meno. Alilijua jani lile. Alikuwa amelipapasa kwa kidole chake katika ubao. Mungu alikuwa ameliumba.

"Ulilitoa wapi hili?"

"Si lile la baba? La mu mlango?"

Kwenye kikapu cha Mariyamu, katika kitambaa kibichi, yalikuwemo yale mengine, yenye meno, yangali mabichi. Angeweza kuyatoa. Angeweza kusema. Aliutazama uso wa mwanawe, uso uliovimba kwa kulia, ukimtazama kwa imani yote, na mdomo ukasema wenyewe:

"Ulichemsha sana, mwanangu. Ulizidisha moto."

"Nilizidisha moto," Nafisa akarudia polepole, kama mtoto anayekariri. Kisha akaanguka kwenye mabega ya mama yake akalia, na mama akamshika, akalia naye. Kikapu alikitupa chooni siku hiyo hiyo.


Baada ya hitima, wakwe walikaa kikao. Djibril alikwisha kufika, amekuja kwa baiskeli na kwa miguu. Sebuleni walikuwa yeye na mkewe upande mmoja; upande wa pili Swedi, mama yake Bi Raisa, na baba yake mdogo, mzee Hadji, aliyeshika tasbihi. Nafisa alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, kama ilivyo ada.

Swedi aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, kijana wa sauti ya juu anayejulikana kwa mizaha. Siku hiyo hakuinua kichwa.

Bi Raisa ndiye aliyeanza. "Mukwe, hatusemi mutoto wenu iko mubaya. Ametuheshimu, ametupikia. Lakini mwanamke gani anampa mutoto majani hayajui? Hata mbuzi walikataa! Leo ameua mumoja. Kesho Mungu akitoa mwingine, nani atalala usingizi mu hii nyumba?"

"Mama," Swedi akasema kwa sauti ndogo.

"Acha niseme. Watu sokoni wanasema. Wanasema bibi yake ni muganga mukubwa, na binti hajui kitu. Mulimulea namna gani?"

Djibril aliinamisha uso. Mariyamu alikuwa akizungusha ncha ya kanga kidoleni.

Mzee Hadji alikohoa. "Tumeona heri apumzike kwao kwanza. Arudi Rumonge. Mambo ya talaka tutaangalia."

Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, imekauka. "Baba mudogo, musiwasumbue wazazi wangu. Mama hana kosa. Aliniambia mwenyewe: nilizidisha moto. Baba alichonga vizuri, mama alijua vizuri, ni mimi tu. Nitaenda."

Djibril akageuka akamtazama mkewe. Hakuwa akijua. Aliposikia kwamba mtoto kapewa majani, alidhani ni majani mengine tu, ya watu wa huku. Sasa alielewa yote kwa mara moja, kuanzia foto mpaka lile asante.

"Mama Nafisa," akasema. "Sema. Ao niseme mimi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kifo kilikwisha kupita, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiumbuka kwa ajili yake. Mariyamu aliachia ncha ya kanga.

"Hakuzidisha moto," akasema. "Hata angechemsha namna gani, ingekuwa vile vile. Jani la mu mlango ni la uongo. Mimi nilimwambia mzee aondoe meno. La kweli liko na meno pembeni."

Hakuna aliyeelewa upesi. Bi Raisa alitazama huku na huku.

"Mulitia uongo mu dawa?"

"Mu foto ya dawa. Mu mbao. Ili wasituibie."

"Nani asiwaibie?"

"Watu wa Bujumbura. Wezi."

"Na aliyelichukua ni nani?"

Tasbihi ya mzee Hadji ilisimama. Swedi alinyanyuka, akafika mlangoni, akarudi, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichokuwa akikitafuta.

Pazia lilifunguka. Nafisa hakuwa akilia. Alimwendea mama yake, akachuchumaa mbele yake, wakawa wanatazamana.

"Siku ile mu simu nilikuuliza linafananaje."

"Sikujua umeiona foto, mwanangu. Haki ya Mungu, sikujua."

"Nilikuuliza, mama. Ungeniambia neno moja tu. Meno. Ningeangalia, ningesema hili halina meno, ningeliacha." Alipumua. "Na pale jikoni ulinitazama, ukasema nilizidisha moto."

Mariyamu alinyoosha mkono kumshika. Nafisa hakuukwepa mkono, wala hakuupokea. Alisimama akarudi nyuma ya pazia.

Swedi hakumwacha mkewe. Alisema, mbele ya wote, kwamba kosa haliko kwake, na mama yake akanyamaza. Kisha akawaambia wakwe zake, kwa adabu na bila kuwatazama, kwamba wasirudi pale mpaka arobaini. Waliondoka wakiwa wamebeba viatu mikononi, kwani kuvivalia mlangoni ilikuwa ni kukawia.


Rumonge, wanawake waliendelea kuja na watoto wao. Wa kwanza alipofika, Mariyamu hakwenda kutwanga. Alimchukua mpaka penye mti, akamwonyesha, akamwambia pitisha kidole hapa, usikie meno. Mwanamke alishtuka, akauliza kama hataharibu dawa yake. "Iharibike," Mariyamu akasema. Aliwaonyesha wote waliokuja, na aliwaambia pia wampeleke mtoto hospitali kwanza. Baada ya hapo hawakumhitaji tena, na ua ukawa mtulivu. Hakuna aliyemwita Mama Dawa.

Djibril hakushika patasi. Vinu viwili alivyoagizwa vilikaa vigogo. Siku moja alisema, "Ule mlango unaning'inia kule, Mama Nafisa. Watu wanaupiga foto." Wakaenda Bujumbura.

Sabine aliwapokea vizuri, akawakalisha, akawasikiliza nusu. "Mzee, ile ni sanaa. Hakuna mtu anatafuta dawa kwa ukuta."

"Mujukuu wangu," Djibril akasema.

Alimweleza yote. Sabine alifunika mdomo kwa mkono, kisha akaita vijana wauteremshe mlango.

Mbao hukubali kupunguzwa, hazikubali kuongezwa. Hiyo ndiyo sheria ya uchongaji, na mara hii ilikuwa rehema. Djibril alipiga magoti sakafuni, akaanza kukata meno, moja baada ya jingine, kuuzunguka ule ukingo aliokuwa ameupenda. Mariyamu alimshikia tawi la kweli mbele ya macho. Yule kijana mwenye tai aliomba kupiga foto, akaruhusiwa. Wageni walisogea kutazama, na safari hii hakuna aliyemwambia bibi asogee.

Walipomaliza, Sabine alisema kwamba ataandika kikaratasi kipya. "Nitie jina lako, mama. Nilikosea kuliacha."

"Jina langu lilishazikwa Nyanza-Lac," Mariyamu akasema. "Andika tu kwamba liko na meno."


Siku ya arobaini walisoma dua, watu wakala, wakatawanyika. Bi Raisa mwenyewe aliwapakulia wakwe zake wali, bila neno. Mariyamu alikuwa amekuja na tawi katika kitambaa kibichi. Zaidi ya hilo alikuwa amekuja na mche, na mizizi yake na udongo wake, ndani ya kopo la maziwa, kwa kuwa huko Nyanza-Lac jani la bibi halikuota.

Alimkuta Nafisa nyuma ya nyumba, karibu na mfereji, anaosha masahani. Ukingo wa mfereji ulikuwa mtupu. Swedi alikwisha kung'oa kila kitu kwa jembe.

"Nipe mkono wa kushoto," Mariyamu akasema.

Nafisa alitazama lile kopo. Alielewa. Kwa muda alionekana kama atageuka aendelee na masahani yake. Kisha akaukausha mkono kwenye nguo, akaunyoosha.

Mama akaweka jani kiganjani. Maneno aliyofundishwa na mama yake ayaseme siku hiyo, aliyaacha. Nafisa alilishika jani, akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kulizunguka lote mpaka alipoanzia.

"Haya ndiyo meno?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Madogo hivi."

Mariyamu alilia kama watoto wanavyolia, mabega yakitikisika. Nafisa alimngoja anyamaze. Hakumgusa. Halafu akaingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka na kitu kimekunjwa vizuri juu ya mikono miwili, kama mtu anavyopeleka zawadi ya harusi. Kilikuwa kitenge cha manjano chenye picha za ndege. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Si lazima mutu atoe kitambaa?" akasema. "Chukua, mama."

Na kwa kuwa ndiyo desturi, na mtoaji dawa haruhusiwi kukataa anachopewa, Mariyamu alinyoosha mikono akakipokea.